Mgeni Aliyeshika Viatu Mkononi

Dawa yenyewe ilikuwa na mbio zake. Watu wa Utange wanasema Munga alipulizwa puani akiwa amelala kageukia ukuta, kama alivyolala tangu ile hoteli ya Shanzu ifunge milango na kumrudisha nyumbani na sare zake, na kabla mkewe Purity hajamaliza kukoroga sukari kwenye chai, Munga alikwisha kukaa kitako. Akauliza mbona nyumba ina giza. Akafungua dirisha, akatoka nje, akapanda juu ya paa na kuziba tundu lililokuwa likivuja tangu mvua za mwaka juzi. Wengine huongeza kwamba alipomaliza paa lake alihamia la jirani, kisha la kanisa, na kwamba ilibidi mchungaji amshushe kwa maombi. Hilo la mchungaji limetiwa chumvi. La paa ni kweli; misumari bado ipo.

Kafedha ndiye aliyemwandikisha. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa makamo mwenye mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake, na kituo kilimchukua kwenye utafiti wa dawa hiyo mpya ya sonona kwa sababu hapakuwa na nyumba kutoka Mishomoroni hadi Utange ambayo hodi yake ilikosa kuitikiwa. Kazi yake ilikuwa kuwapitia waliopulizwa na kuwauliza kama dawa imewaletea madhara. Kichwa kinauma? Kichefuchefu? Moyo unakwenda mbio? Wanaona vitu visivyokuwepo? Majibu yalikuwa hapana, hapana na hapana, na Daktari Lynnette, mwanamke mdogo kutoka bara aliyesimamia utafiti huo, alikuwa ameanza kuimba akitembea kwenye ujia wa kituo.

Kafedha naye alikuwa na lake nyumbani. Mwanawe Ruwa, fundi wa friji, kijana aliyekuwa akipiga mluzi hata akiwa na msumari mdomoni, alikuwa ameelekea ukuta. Ndivyo Utange walivyouita ugonjwa ule, maana jina la daktari halikueleza kitu na ukuta kila mtu aliuona. Sahani iliingia kwa Ruwa na kutoka vilevile. Vidonge vya kawaida alivijaribu, lakini vile vilitaka wiki kadhaa ndipo vionyeshe uso wao, na Ruwa aliviacha kabla havijafika. Jina lake lilikuwa kwenye kundi la pili la kupulizwa. Kwa hiyo kila habari njema ya Munga, Kafedha aliibeba hadi nyumbani kama mkate wa moto, akamwekea mwanawe mgongoni kwa maneno: "Baado kidogo tu, baba. Baado kidogo."

Sasa, mchana mmoja alikwenda kwa Munga, jua likiwa limesimama utosini na kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mama Ruwa, karibu sana! Lakini usikae hapo."

Kafedha alikuwa tayari yuko nusu njia kuelekea kitini. Akajiinua kwa shida. "Hapa pana nini?"

"Hicho ni cha mgeni."

Ua ulikuwa umefagiliwa hadi mistari ya ufagio imelala sambamba mchangani. Kiti kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha mezani, kile cha Krismasi, na kando yake kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani.

"Mgeni yupi?"

"Yuaja," Munga akasema, akitazama langoni kwa uso wa mtu anayesubiri basi analolijua.

Kuku wa Purity walikuwa wamejilaza chini ya mwarobaini katikati ya ua, midomo wazi kwa joto. Ghafla wakanyanyuka. Hawakukimbia, hawakupiga kelele. Walisogea tu, nusu huku na nusu kule, wakaacha njia katikati, kama watu kanisani wanapowapisha maharusi. Munga akatabasamu kulitazama lile pengo.

"Karibu, karibu. Usione haya. Jongea."

Pengo lilikaa kidogo, kisha kuku wakarudi kulijaza. Kafedha alihisi jasho lake lote limepoa kwa mpigo.

"Munga. Ni nani huyo?"

"Mgeni. Leo amefika kwenye mwarobaini. Juzi alikuwa langoni, kesho atakaa. Ni mtu wa haya huyu, hatembei mbio, na viatu ameshika mkononi."

"Atoka wapi?"

Munga akamtazama kana kwamba ametema mate kwenye chungu cha watu. "Mama Ruwa! Hata wewe? Mgeni huulizwa atokako kabla hajakaa?"

Kafedha akaona aibu, maana ni kweli haulizwi. Akauliza maswali yake mengine upesi upesi. Kichwa, hapana. Kichefuchefu, hapana.

"Unaona vitu visivyokuwepo?"

"Hapana," akasema Munga. "Yeye yupo."

Hakuna madhara, basi. Mgeni angekuwaje madhara? Nani pwani hii amewahi kwenda hospitali akasema, daktari, nimejiwa na mgeni, nipe vidonge? Alipopita jikoni kuaga, Purity alimvuta kanga.

"Mimi simwoni, Mama Ruwa. Lakini nimepata mume. Jana amenichekesha hadi nimemwaga mchele. Na aweke viti mpaka barabarani, mimi nitavifuta vumbi."

Kutoka hapo Kafedha alikwenda Mishomoroni kwa Florence, muuza mahamri, aliyepulizwa baada ya Munga. Florence alikuwa akikanda unga na kuimba. Alipoulizwa habari, akasema hana shida yoyote, ila ajaliwe kununua kiti kizuri, kwani kuna mtu yuko pale kwenye kona ya kinu cha posho na huenda akafika wakati wowote. "Maskini, anatembea peku, na viatu anavyo mkononi." Kafedha hakuwa amemtajia neno la viatu. Akenda kwa Bramwel, kijana wa bara mpakia mizigo, aliyepulizwa nyuma ya hao wote. "Wangu yuko mbali sana, Mama," akacheka Bramwel, "huko karibu na lami. Naona tu jamaa ana malapa mkononi. Sijui anaogopa kuyachafua?"

Kafedha alikaa kwenye kigogo kando ya njia. Wa mwisho, mgeni wake yuko mbali. Wa katikati, yuko konani. Wa kwanza, ameshaingia uani. Alikuwa akija, basi, kwa kila mmoja, na kwa Munga atafika kwanza.

Mawazo yake yalikimbilia koma, mizimu ya ukoo, kama ambavyo mawazo ya Mgiriama yeyote yangekimbilia. Lakini koma huwa na jina, ni babu yako au shangazi yako, na huja na haja: nguo, tembo la mnazi la kumwagiwa, kaburi kufagiliwa. Huyu hakuwa na jina wala hakuomba kitu. Alikuja tu. Na hakuna aliyejua atakapokaa kwenye kile kiti nini kitatokea, kwa kuwa alikuwa bado hajakaa kwa mtu yeyote.

Angesema? Akisema, daktari atasimamisha kila kitu hadi ijulikane. Na Ruwa je? Aliamua kunyamaza, akanyamaza vizuri kabisa kwa muda wa kutoka pale kigogoni hadi nyumbani kwake, ambako alimkuta Dishon, jirani yao mwenye bodaboda, amesimamisha pikipiki mlangoni na Ruwa amekaa nyuma yake kama gunia.

"Mathe, nimekuletea kijana," Dishon akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Alikuwa ameshuka kule kwenye daraja la Mtwapa. Amesimama tu, anatazama maji. Nikamwambia twende, akaja. Hakubisha. Hata hakuniangalia."

Kafedha alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili. "Ruwa. Baba. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kupumzika, mama," Ruwa akasema.

Jioni ile simu ya Daktari Lynnette ikaita, sauti imejaa sukari. Wakubwa wamefurahi. Wanataka dawa ipelekwe Changamwe na Likoni, watu wengi, upesi. "Na Ruwa wako, Mama, tutampuliza Alhamisi. Unanisikia? Alhamisi."

Kafedha alisikia. Alimtazama Ruwa, mgongo wake, mfupa wa shingo uliojitokeza. Neno moja tu, na Alhamisi ingekufa. Akafungua mdomo aseme asante, na mdomo ukasema mengine.

"Daktari, kuna mgeni."

Alieleza yote.

"Kwa nini hukusema, Mama? Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema?"

"Uliuliza madhara, mwanangu. Hukuuliza wageni."

"Unajua nikilisikia jambo hili siwezi kumpuliza mtu mwingine kabla sijajua ni nini." Sauti ya sukari ilikuwa imekwisha. "Unajua Ruwa..."

"Najua."

"Ningeweza kujifanya sijasikia."

"Ungeweza. Na mimi nimefikiri hivyo mchana kutwa." Kafedha akavuta pumzi. "Lakini kama ni kitu cha kumla Munga, kitamla na mwanangu. Njoo kesho saa sita. Munga asema kesho atakaa."

Daktari alikuja na viatu vya kisigino na kipimo cha presha. Munga alikuwa amevaa shati jeupe. Purity alijifungia jikoni na kusema anapika, ingawa hapakuwa na moshi. Vikombe vilikuwa vinne kwa watu watatu.

"Shikamoo, Mama," Lynnette akamnong'oneza Kafedha, kwa woga tu, kwani walikwisha kuamkiana.

"Marahaba. Nyamaza."

Kuku waliondoka uani wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine. Upepo ukakatika. Majani ya mwarobaini yakaning'inia kama ya karatasi, na kelele za barabarani, honi na redio na mafundi wa chuma, zikawa kama zinatoka chini ya maji.

"Karibu," Munga akasema, akasimama nusu, kwa heshima. "Karibu kiti."

Kitambaa cha Krismasi kikatulia bapa juu ya kiti. Kisha miguu ya kiti ikaanza kuzama mchangani, taratibu, yote minne, kama inavyozama akikaa mtu mzito aliyetoka safari ndefu. Kisahani juu ya kikombe kililia ting, mara moja. Daktari Lynnette alimshika Kafedha mkono hadi kucha zikaingia.

Na Munga akazimika. Hapana neno lingine la kusema jambo lile. Tabasamu lilitoka kwanza, kisha macho, kisha mabega yakashuka, akageuka pale pale kwenye kiti chake hadi uso ukawa umeelekea ukuta wa nyumba, kwenye plasta tupu.

"Munga," Lynnette akamwita. "Kaka Munga, unanisikia?"

"Amechoka," Munga akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ile ya kitandani. "Ametembea sana. Auliza kwa nini hamkumwambia anaondoka."

"Nani? Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Daktari. Yule wa ukutani. Mlimtoa mbio, hata viatu hakuwahi kuvaa."

Daktari alikaa chini mchangani na sketi yake nzuri. Alikuwa amesoma kwamba dawa ya haraka inaweza kupungua nguvu na ugonjwa ukarudi. Alikuwa hata na jina la jambo hilo, na michoro ya kulionyesha. Lakini hakuna mchoro uliomwonyesha jinsi unavyorudi, kwa adabu, kwa miguu, ukisubiri kukaribishwa. "Lazima niwapigie wakubwa," akasema. "Lazima tusimamishe. Lazima..." Alitazama kiti. "Mama, sasa tunafanyaje?"

Hapo ndipo Kafedha alipokasirika, na hasira ilimsaidia, kwa maana mtu mwenye hasira haogopi sawasawa. Alikasirikia aibu yenyewe. Wote hawa, watu wa pwani, waliozaliwa wakijua kwamba mtu akiondoka kwako unamtoa mlangoni, unatembea naye hadi mahali, mkizungumza, mkisimama, mpaka yeye mwenyewe aseme panatosha. Wote hawa walikuwa wamemfukuza mtu usingizini, nyumba baada ya nyumba, bila hata mmoja kumtoa mlangoni. Halafu wakashangaa anarudi. Angeachaje kurudi, hali hakuagwa?

Akasimama mbele ya kile kiti kitupu.

"Munga, mwambie avae viatu."

"Eh?"

"Avae. Na chai anywe kwanza, tusije tukasemwa. Kisha tutamsindikiza."

Walisubiri. Chai ile, Lynnette aliapa baadaye, haikupungua, ila iliganda utando juu kama iliyolala usiku kucha. Kisha kitambaa kikajikunja kidogo, na mashimo manne ya miguu ya kiti yakabaki mchangani, matupu. Kafedha akamshika Munga mkono akamwinua. Alikuwa mzito kama mtu aliyelala.

Wakatoka. Walitembea kwa mwendo wa mgeni, na mgeni alikuwa na mwendo wa mtu anayepanda kilima. Daktari alitaka kuharakisha, na kila akitangulia Kafedha alimvuta nyuma kwa mkoba wake. "Unakimbilia wapi? Umeshamfukuza mara moja." Wakapita duka la mkaa. Wakapita msikiti mdogo, wazee wa barazani wakawasalimu na Kafedha akaitikia kwa niaba ya wote. Kafedha alizungumza njia nzima na upande mtupu wa kushoto kwa Munga: bei ya unga, mvua, mambo ya kawaida anayozungumziwa mtu anayekwenda zake. Kwenye kona Munga akaanza kuinua miguu yake mwenyewe. Karibu na njia panda akacheka kidogo, kwa jambo lililosemwa na mtu ambaye wengine hawakumsikia.

"Asema panatosha," akasema Munga. Uso wake ulikuwa umemrudia. "Panatosha kwa leo."

"Kwa leo?" Lynnette akauliza.

"Kesho yuaja tena. Lakini asema atachelewa, kwa kuwa leo amefika mbali."

Waligeuka kurudi. Kafedha aliwakataza kutazama nyuma, na hakuna aliyetaka. Hawajafika mbali bodaboda ikawapita na kusimama mbele yao. Dishon.

"Mathe, yule mwenzenu mmemwacha pale njia panda na jua hili. Si anataka pikipiki? Nikamchukue?"

Watatu wale walitazamana.

"Mwache atembee!" Kafedha akasema, kwa sauti iliyomfanya Dishon akaze breki ambayo tayari ilikuwa imekazwa. "Wewe na mbio zako! Mwache aende kwa miguu."

Daktari Lynnette alipiga simu akiwa bado na mchanga kwenye sketi. Wakubwa walimwambia jambo ambalo pia lilikuwa kweli: kwamba kila siku ya kungoja kuna mtu anayesimama darajani. Alisema anajua, anamjua mmoja kwa jina. Hata hivyo akasimamisha. Likoni ikangoja, Changamwe ikangoja, na Ruwa akangoja. Alhamisi ilipita kama siku yoyote, na Kafedha alitandika mkeka wake kwenye mlango wa chumba cha mwanawe, akalala hapo, asiweze kupita mtu bila kumkanyaga. Aliwahi kujuta? Kila alipoutazama mgongo ule. Alikwenda jikoni akajuta huko, akarudi.

Huku nyuma Purity na Munga walimsindikiza mgeni wao kila mchana, na wa Florence naye akasindikizwa, na yule wa Bramwel akasindikizwa kule kule lami na wapakia mizigo wenzake, waliokuwa wakicheka mpaka waliposikia hatua za mtu wa ziada wakaacha kucheka. Kila mara wageni walichelewa zaidi kurudi. Siku nyingine hawakuja. Munga aliendelea kuchekesha watu, ila sasa alikuwa na vidonge vile vya polepole mezani, na hakuviacha.

Ndipo kibali kikaja. Mtu mmoja mmoja, si kundi. Na yule tu aliye na mtu wa kutembea naye.

Ruwa alipulizwa asubuhi. Kafedha hakukoroga chai, aliogopa kupitwa. Aliona mgongo ukitikisika, kisha ukageuka, na ule uso, ule uso wake mwenyewe, ukamtazama kana kwamba umetoka kuogelea.

"Mama, nina njaa," akasema.

Kafedha alilia, akapika, akalia tena ndani ya chungu. Lakini alipomaliza kula hakumwacha apande paa lolote. Alichukua malapa ya Ruwa kutoka chini ya kitanda, yale ya zamani yenye kamba moja iliyoshonwa kwa waya, akayaweka kizingitini, vidole vikielekea nje.

"Mama, mbona unatoa viatu vyangu? Mimi nimevaa vingine."

"Si vyako leo."

Ruwa akatazama nyuma yake, kwenye pembe ya chumba, karibu na ukuta. Mluzi aliotaka kuanza ukamfia mdomoni.

"Yuko hapa bado," akasema taratibu. "Hajatoka. Mama, anatazama. Mbona anakutazama wewe?"

"Na anitazame. Mimi ndiye ninayeijua njia." Akasimama mlangoni, nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwanawe, akaunyosha mkono wa kushoto kwenye nafasi ile, chini kidogo, kama anavyounyosha mtu kwa mwenzake anayeona haya.

Jua lilikuwa utosini. Malapa pale kizingitini yalisogea.

Kitu baridi kikaingia kiganjani mwake. Hakikubana wala kuvuta. Kilishika tu, kwa nguvu kidogo, kama anavyoshika mtu anayeogopa kuachwa njiani. Kafedha alitaka kupiga kelele. Badala yake akafunga vidole vyake.

"Haya, mwanangu," akasema, na hata Ruwa hakujua anamsemesha nani. "Twende. Hatuna haraka."